Plagi ya Silinda ya Saba

Karatasi ya malalamiko iliyomfikia Ardith Vavra ilikuwa na doa la haradali. Lilikuwa doa nono, bado bichi, limekaa juu kidogo ya jina lake, na pembeni yake palikuwa na alama ya kidole gumba. Mtu aliyeandika kwamba yeye ni mwizi alikuwa ameandika huku akila soseji. Ardith aliishika karatasi kwa ncha za vidole, akaisoma mara moja, akamrudishia Wendell Toft, kisha akageuka akatema mate kwenye nyasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu tangu mama yake amchape kwa kosa hilo hilo akiwa na umri wa miaka tisa.

Wendell alikuwa mkaguzi wa mashindano ya kuvuta katika maonyesho ya wilaya, mzee mrefu ambaye shavu lake moja lilivimba tumbaku siku zote. Ilionekana wazi kuwa hakupenda kuwa mleta habari ile. Alieleza kuwa aliyelalamika ni Milo Schrage, kuwa ni haki yake kwa mujibu wa kanuni, na kuwa injini itafunguliwa papo hapo kwenye banda la kuoshea ng'ombe, atakaye kutazama atazame.

"Ametia alama kwenye kisanduku kipi?" Ardith aliuliza.

"Cha injini."

"Si cha mafuta?"

"Angeweza angetia vyote viwili. Lakini kanuni unaijua, mtu anachagua kimoja."

Aliijua. Mashindano yenyewe hayakuwa na mambo mengi. Pikapu moja baada ya nyingine ilifungwa kwenye tela zito ambalo sanduku lake la vyuma husogea mbele kadiri linavyovutwa, hata mwisho tela lenyewe hujichimbia udongoni na pikapu husimama ikiunguruma na kutapika moshi. Aliyelifikisha mbali kuliko wenzake ndiye mshindi. Mchana ule mshindi alikuwa Lyle, mdogo wake Ardith, akiendesha pikapu ya buluu waliyoachiwa na baba yao, na wa pili alikuwa Milo, kama alivyokuwa wa pili majira yote ya joto. Petroli ya kila mshindani ilikuwa imechunguzwa mapema kwenye mizani ya kupimia pikapu, kabla ya kuvuta, ikakutwa sawa. Kwa hiyo kilichobaki cha kushukiwa kilikuwa injini, na injini ile ilitoka mikononi mwa Ardith, si mwa mtu mwingine.

Hilo ndilo lililomchefua. Milo hakumshuku dereva, ambaye kila mtu alimpenda na kumpigia mgongoni. Alimshuku fundi. Tangu mzee Vavra afariki na karakana ibaki kwa binti yake, maneno yalikuwa yakizunguka chini chini kwamba mwanamke wa miaka hamsini na minane, peke yake na mashine ya kukereza vyuma, hawezi kutoa injini ya kushinda namna ile kwa njia ya halali. Lazima ameichonga ikazidi kipimo. Wateja watatu walikwishahamisha kazi zao. Mmoja alimwambia kwa upole kuwa ni kwa sababu ya umbali, ingawa huko alikohamia kulikuwa mbali mara nne. Ardith hakubishana naye. Alimfungulia mlango, na mteja alipokwisha kutoka, Ardith akapiga dawa ya kusafishia vioo mahali mtu huyo alipoegemea.

Na injini ile, kama wangejua, alianza kuijenga kwa petroli. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, nao mafundi wenzake walimcheka kwa hilo. Wao huijenga injini kwanza kwa kadiri ya tamaa yao, ikishakamilika ndipo wahangaike kutafuta mafuta ya kuistahimili. Ardith alichagua petroli kwanza, akaichonga injini iifuate. Kanuni ilidai petroli ya kawaida ya pampu, ile ile anayojaza mtu wa kwenda kazini, basi majira ya baridi aliizunguka wilaya nzima na chupa zake za kioo, akichukua kidogo hapa na kidogo pale. Kila chupa aliitia maji, akaitikisa, akaiacha itulie dirishani. Mstari wa maji ukipanda, alijua petroli ile imechanganywa na pombe ya mahindi, maana pombe huyakimbilia maji. Hizo zote alizitupilia mbali.

Jambo hilo liliwaudhi majirani kuliko alivyotarajia. Kila mmoja wao alilima mahindi, na pombe hiyo ilipikwa kwa mahindi yao. Mkulima mmoja alimuuliza dukani, mbele ya watu, kama mahindi ya Nebraska yanamnukia vibaya. Ardith akamjibu kuwa yananukia vizuri sana kwenye sahani, ila kabureta ya marehemu baba ina mipira ya zamani ambayo haijazoea ulevi. Watu walicheka, lakini tangu siku ile wakambandika jina la Bibi Chupa, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi.

Mwishowe aliridhika na pampu moja tu, ya ushirika wa wakulima, petroli ya daraja la juu isiyo na pombe hata tone. Hapo napo alikuwa na masharti yake. Gari la mafuta lilifika kila Jumanne na kutibua uchafu uliolala chini ya tangi, kwa hiyo yeye alinunua Jumatano jioni, uchafu ukishatulia. Kijana wa pampu alizoea kumuona akinusa mdomo wa dumu kama mtu anayekagua maziwa.

Kila petroli ina kikomo chake cha kuvumilia kubanwa. Ikibanwa kupita kikomo hicho hulipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko wa namna hiyo huipiga pistoni nyundo ya utosi. Ardith alipiga hesabu zake akaamua injini iibane mara tisa na nusu, basi. Lyle alimbembeleza wiki mbili nzima aongeze japo kidogo. Alikataa. Nguvu aliyoikosa kwenye kubana aliitafuta kwingine. Pistoni za zamani za kumiminwa kwenye kalibu alizitoa akaweka za kufuliwa kwa nyundo, nyepesi na ngumu. Vali alizibadilisha, springi zake pia, na kamshafti, mhimili unaozifungua vali hizo, aliiagiza ichongwe kwa vipimo alivyoviandika mwenyewe. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ile ya njia za hewa ndani ya silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ambazo alizisugua kwa mkono kuanzia Novemba hadi Machi, hadi zikawa laini kama kikombe kwa ndani, na zote nane zikapitisha hewa kwa kiasi kile kile. Katika miaka thelathini ya ufundi, hiyo ndiyo kazi pekee ambayo angethubutu kumuonyesha baba yake, aliyekufa bila kumwambia hata siku moja kwamba kazi yake ni nzuri.

Mashindano yenyewe hakuyapenda. Makelele, bia ya uvuguvugu, mafuta ya kukaangia yaliyotumika wiki nzima, wanaume waliovua mashati ambao ingekuwa heri wangebaki nayo. Vyote vilimtia kinyaa. Alibaki karakana, Lyle akaenda. Jumapili baada ya Jumapili Lyle alirudi na kikombe cha ushindi na pikapu iliyooshwa ikang'aa. Hata plagi alizikagua mwenyewe na kuzibadilisha, akamwambia dada yake asisumbuke, injini inakwenda kama saa. Ardith aliuchukua huo kuwa wema. Leo alikuja kwa sababu ya maneno ya watu tu, ili wamwone amesimama waziwazi, na malipo yake yakawa karatasi yenye haradali.

Banda la kuoshea ng'ombe lilikuwa na sakafu ya saruji na harufu ya mbolea iliyoloa. Watu walikwisha kujaa, wengine wamekaa juu ya vizuizi vya mbao na makopo ya bia mikononi, wengine wanakula kolache, maandazi ya plamu, kwenye sahani za karatasi kana kwamba wamekuja harusini. Milo alisimama mbele, mkulima mnene mwenye shingo nyekundu, mikono imefungwa kifuani. Kanuni ilitaka injini ifunguliwe na fundi mwenyewe ili asije akasema baadaye kuwa imeharibiwa. Ardith alifunga aproni, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza, akaanza kazi.

Wendell aliusomea umati masharti. Injini ikizidi kipimo, mshindi na fundi wake watafutwa, na jina la karakana litabandikwa kwenye lango la maonyesho mpaka mwaka unaofuata. Ikiwa halali, mlalamikaji atavua kofia mbele ya wote, atampa fundi mkono na kukiri kwa sauti kuwa alimkosea. Watu waliguna kwa raha. Katika wilaya ile wanaume walivua kofia kanisani na makaburini, na wengine walizikwa nazo, hivyo adhabu hiyo haikuwa mchezo.

Plagi hutoka kwanza. Ardith aliifungua ya silinda ya kwanza, akaipangusa, akaitazama kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama saa. Akaitazama tena. Kauri ya plagi kwenye injini iliyolishwa vizuri huwa na rangi ya chai ya maziwa. Hii ilikuwa nyeupe, kavu, imebabuka kwa joto. Aliilaza kwenye kitambaa, akatoa ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Kabureta, alijiambia, Lyle amechezea kabureta, ameinyima injini petroli. Kisha akatoa ya silinda ya saba, na juu ya weupe wa kauri yake akaona chembe ndogo ndogo za fedha zinazometameta. Ilikuwa alumini, na ndani ya injini ile alumini ya kuyeyuka ingetoka mahali pamoja tu, kwenye pistoni.

Alifungua bolti za silinda hedi moja moja, taratibu, ingawa mikono ilimtaka aharakishe. Alipoiinua ikaachana na gasketi, hewa iliyokuwa imefungiwa humo ikampanda usoni. Watu wengine walisikia harufu ya mbolea tu. Ardith alisikia utamu, utamu mzito wa tunda lililooza ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa ameinusa harufu hiyo mara moja maishani, siku baba yake alipomfukuza karakana mtu aliyekuja na kopo lake. Mafundi waliiita dawa, basi. Matone machache kwenye petroli huipa moto ambao petroli haikuzaliwa nao, na injini huvuta kama iliyopagawa, huku ikijila yenyewe.

Pistoni zake zilikuwa zinaliwa. Ukingo wa pistoni ya saba ulikuwa umemegukameguka kama mkate uliokutwa na panya, na ya tatu ilikuwa imeanza. Wendell aliinama na geji yake ya kupimia, akachungulia kwenye silinda, asione lolote la kumsimamisha, kwa kuwa kanuni ilimtuma kupima upana, kina na urefu wa mwendo, na kwenye kisanduku kilichotiwa alama hapakuwa na swali kuhusu afya ya chuma. Alianza kusoma tarakimu kwa sauti. Ardith aliidondosha plagi ya saba kwenye mfuko wa aproni, akamwambia Wendell anakwenda kunywa maji, akampita Lyle mlangoni na kumgusa kiwiko.

Nyuma ya banda palikuwa na bomba la maji na rundo la mbolea lenye nzi. Lyle alikuja akitabasamu, mtu wa miaka arobaini na tisa mwenye uso wa mvulana wa kwaya, kopo la bia mkononi.

"Umetia nini humo?" Ardith aliuliza.

"Humo wapi?"

Ardith alitoa plagi mfukoni akaishika katikati yao. Lyle aliitazama, akawatazama nzi, akanywa funda moja.

"Kidogo tu, dada. Chupa ya kahawa, hata haijai. Natia baada ya mizani, wakishapima."

"Tangu lini?"

"Juni."

"Mashindano yote?"

"La kwanza hapana." Alikwangua rangi ya kopo kwa ukucha. "La kwanza tulikuwa wa nne."

"Uliniambia mvua iliharibu."

"Ilinyesha. Baadaye."

Maji yalidondoka bombani. Ardith aligundua kuwa kilichomuuma si dawa yenyewe, bado. Ni ile nafasi ya nne. Ya nne, kwa petroli ya Jumatano na kazi ya mikono yake, katika mwaka wa kwanza, mbele ya watu waliokuwa wakifanya mchezo huo tangu ujana wao. Angeifurahia nafasi hiyo. Angerudi mezani, akapiga hesabu upya, mwaka unaofuata akawa wa tatu. Mtu huyu alimnyang'anya nafasi ya nne akamletea vikombe saba vya uongo, naye akavipanga kwenye rafu ya baba akavipangusa vumbi kila Jumamosi. Alitamani kwenda kunawa mikono kwa chumvi.

"Injini yako nzuri, haki ya Mungu sijaona nzuri kama ile," Lyle alikuwa akisema. "Lakini wa nne ni wa nne. Watu walikuwa wanacheka, dada. Hukuwepo. Wanasema nimemwachia mwanamke karakana ya mzee. Mimi nilikuwa nakutetea."

"Ulinitetea kwa kuamini wanachosema."

"Sikuamini. Nilitaka ushinde." Akashusha sauti, akamsogelea, na pumzi yake ilinuka bia na vitunguu. "Halafu sikiliza, mambo yenyewe yamekwisha. Wendell anakupima humo ndani, utatoka safi. Milo atavua kofia. Wenyewe kwa mikono yao wanakusafisha jina, na hakuna atakayekugusa tena mpaka unakufa. Ukifungua mdomo, nani atakayekaa kutofautisha injini na mafuta? Watasema ni wale wale. Nyamaza tu, nyumbani nitakununulia pistoni mpya."

Alimchukia. Ilimjia kwa urahisi uliomshangaza, kama kukumbuka jina lililokuwa limepotea. Alimchukia kwa tabasamu lile, kwa ahadi ya pistoni, na zaidi kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Hakuna mtu bandani ambaye angekaa kutofautisha. Akinyamaza, wateja watatu wangerudi kabla ya mavuno, na yule wa mbali angejikuta ghafla amekuwa wa karibu. Akisema, karakana ya baba yake ingekuwa na jina langoni mwaka mzima. Na aliona pia, kwa kichefuchefu kipya, kuwa sehemu yake moja ilikwisha kuamua kunyamaza na ilikuwa inatafuta maneno mazuri ya kuliita jambo hilo: udugu, busara, heshima ya marehemu.

Alirudi ndani kabla sehemu hiyo haijayapata.

Wendell alikuwa amemaliza. Alisimama wima, akaipangusa geji, akasogeza tumbaku shavu la pili kama afanyavyo anapotaka kusema jambo rasmi. Injini ni halali, alitangaza. Si halali tu, iko chini ya kikomo kwa unywele. Kisha akaongeza jambo ambalo kanuni haikumtaka aliseme.

"Nimepima injini hapa miaka kumi na tisa. Sijapata kuona silinda nane zinazolingana namna hii. Mzee Vavra mwenyewe hakuwahi kuniletea kazi kama hii."

Makofi yalianza nyuma yakaja mbele. Watu walimpigia Bibi Chupa makofi, na wengine walisimama. Ardith alikuwa amengoja maneno hayo miaka thelathini, akajikuta anayapokea kama chakula kilichoangukia kwenye sakafu hii hii ya ng'ombe: kile kile alichokitamani, na hakiliki tena.

Milo alijitokeza. Alivua kofia yake, na juu ya uso uliochomwa na jua paji lake la uso likatokea jeupe kabisa, nywele zimelala kwa jasho, akaonekana kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Hakutafuta njia ya mkato. Alizungumza kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia.

"Ardith, nilikukosea. Nilisema mwanamke hawezi, na asiyeweza akishinda lazima kaiba. Nimesema hivyo duka la mbegu, nimesema kanisani, nimesema nyumbani kwangu watoto wakisikia. Nitarudi kote huko nikawaambie kuwa kazi ni yako." Akanyoosha mkono.

Ulikuwa mkono mpana wa mkulima, mkono wa kweli. Ardith aliutazama. Nyuma ya bega la Milo alimwona Lyle amerudi na kujipenyeza katikati ya watu, anapiga makofi na wenzake. Angenyoosha tu wa kwake, kila kitu kingekwisha, wangekwenda nyumbani, na angeishi na mkono huo ulioshikana na mkono wa Milo Schrage, akila nao, akijikunia nao, akishikia nao kazi za watu.

"Vaa kofia yako, Milo," alisema.

Makofi yalikatika. Milo alidhani msamaha wake umekataliwa, damu ikampanda mpaka kwenye weupe wa paji. Alisema amekwisha kukubali kosa, anataka nini tena. Ardith alimwambia amemsikia na anamshukuru, ila avae. Kisha akampita, akaenda mpaka kwa Wendell, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni na kumpa plagi ya silinda ya saba.

"Nusa."

"Ardith, hilo halikulalamikiwa."

"Sijakuuliza kanuni, mzee Wendell. Nimekuomba unuse."

Wendell akageuka, akatema tumbaku yote kwenye mfereji, akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, ndipo akaileta plagi puani. Kichwa chake kilirudi nyuma. Alimpa Milo, naye Milo, kofia bado mkononi, alinusa, akainamia injini iliyo wazi na kuziona pistoni zilivyomegwa, akanyanyuka polepole. Akampa aliyekuwa karibu naye. Huyo akampa mwingine. Plagi ilizunguka banda zima hivyo, mkono kwa mkono, na kila pua iliyoifikia ilikunjika, na mtu mmoja aliiweka chini sahani yake ya kolache.

Ardith hakuitazama ikizunguka. Alikuwa amechutama, anatoa pistoni zake moja moja na kuzifuta kwa kitambaa. Aliiambia sakafu, kwa sauti ya kawaida, kuwa injini ilitoka kwake ikiwa nzima na ikinywa petroli ya ushirika, na kwamba hicho wanachonusa hakukitia yeye. Hakutaja jina. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, naye alikuwa amesimama pale, ana mdomo, na Ardith alimwachia nafasi ya kuutumia.

Plagi ilimfikia Lyle. Banda zima lilimtazama. Aliigeuza vidoleni, akaileta puani, akaivuta harufu yake kwa muda mrefu kuliko wote. Akakunja uso kama wenzake walivyoukunja, akatikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko, akampa mtu wa kulia kwake. Kisha, pamoja na wengine, akageuka kumtazama dada yake.